Skuli Zetu Zitunzwe Kabla ya Kubomoka

Tangu ilipotangazwa elimu bila ya malipo hapo Septemba 23, 1964, wananchi wa Unguja na Pemba wamejipatia sifa kubwa katika kazi ya kujenga. Mara nyingi wao wenyewe ndio walioanzisha mabanda ya madarasa: wakachimba misingi, wakabeba mawe na mchanga, wakanyanyua kuta hadi usawa wa linta, kisha Serikali ikaja kuezeka na kumalizia. Miaka ya karibuni Serikali nayo imesimamisha skuli za ghorofa mjini na mashamba, na sehemu ya fedha zake ilitokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliopatikana mwaka 2021. Hapana mtu mwadilifu awezaye kuibeza kazi hiyo. Lakini kila jengo jipya linapofunguliwa, inafaa liulizwe swali ambalo halimo katika risala: ni nani atakayelitunza, kwa fungu lipi, na kwa utaratibu gani?

Swali hili halina budi kuulizwa sasa, kwa sababu mzigo unaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Maana yake ni watoto wengi zaidi katika madarasa, na pale skuli inaposomesha mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, mlango, dawati, bomba na choo hutumika maradufu. Kitu kinachotumika maradufu huchakaa upesi, na haifai kitunzwe kwa hesabu ya kitu kinachotumika mara moja.

Juu ya hayo, visiwa vyetu vina maadui wa majengo walio wazi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, nayo hula mabati, misumari na nondo. Nondo ikishika kutu huvimba ndani ya zege na kuipasua. Mchwa huzishambulia boriti na fremu za milango kimya kimya. Kisha huja mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba. Mfereji wa paa uliojaa majani makavu humwaga maji ukutani; ukuta huyanyonya, plasta hubanduka, na maji yale yale huteremka yakaula msingi. Jambo ambalo mtu mmoja mwenye ngazi angelimaliza kwa asubuhi moja huwa mradi wa kuombewa fedha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii kila mtoto wa skuli anaijua, na kila kiongozi amewahi kuitumia. Kwa hiyo tatizo si ujinga wa hekima hiyo. Tatizo ni kwamba yule anayeuona ufa, aghalabu, siye mwenye saruji. Mwalimu mkuu huuona ukiwa mwembamba kama uzi. Huandika barua, barua husafiri, mkaguzi huja siku nyingine, makisio hufanywa, fungu huwa limekwisha, na jambo huingojea bajeti ya mwaka ujao. Kwa wakati huo ufa umekwisha kuwa mpana wa kuingia mkono, na hatimaye darasa hufungwa. Hapo hatumwoni mtu mmoja wa kulaumiwa. Tunauona utaratibu uliotenganisha jicho na mkono.

Gharama ya kuchelewa tumekwisha kuionja. Jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilianza kutoa ishara zisizofichika mwaka 2012, pale sehemu ya baraza yake ilipoanguka. Mnamo Disemba 25, 2020, likiwa limo katika matengenezo, upande wake mkubwa ukaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile halikuwa darasa, lakini zege na mawe hayatambui tofauti hiyo.

Wala maradhi haya si ya nchi maskini peke yake. Nchini Uingereza, paa la skuli moja ya msingi katika jimbo la Kent lilianguka mwaka 2018, na bahati ilikuwa mwishoni mwa wiki, watoto hawapo. Lilikuwa la zege nyepesi ya aina iliyopendwa sana miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla ya muhula kuanza, Serikali ya nchi hiyo ikaziamuru skuli na taasisi za elimu zipatazo 104 kufunga majengo au sehemu za majengo yenye zege hiyo. Utajiri wote ule haukuwaepusha wazazi na fadhaa ya dakika ya mwisho.

Wataalamu wamelipigia hesabu jambo hili. Mwaka 1984 mhandisi wa Kiholanzi, de Sitter, alieleza kwamba katika majengo ya zege, shilingi moja isiyotumiwa kujenga vizuri hugeuka shilingi tano za utunzaji, kisha ishirini na tano za matengenezo, kisha mia moja na ishirini na tano za kujenga upya. Nalo Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika mwaka 1990, lilishauri kuwa majengo ya umma yatengewe kila mwaka baina ya asilimia 2 na 4 ya gharama ya kuyajenga upya. Kwa kipimo hicho, skuli ambayo kuijenga upya kungegharimu shilingi bilioni 4 ingehitaji baina ya milioni 80 na milioni 160 kwa mwaka. Fedha hizo si kidogo. Lakini anayeziona nyingi na azilinganishe na bilioni nne.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila skuli iwe na daftari la jengo lake, lenye kuonyesha mwaka wa kuezekwa, aina ya mabati, mahali zinapopita nyaya na mabomba, na kila tengenezo lililofanywa. Na daftari hilo liingizwe katika kompyuta ili wilaya na Wizara walisome bila ya kungoja barua. Pili, kila taarifa ya uharibifu, hata ikipelekwa kwa simu ya mkononi, ipewe nambari na daraja: lenye kuhatarisha maisha lishughulikiwe siku hiyo hiyo, lenye kuzuia masomo, ndani ya wiki, yaliyobaki yaingie katika ratiba. Tatu, kila jengo likaguliwe kabla ya masika na kabla ya vuli, na mifereji isafishwe. Nne, fungu la matengenezo litengwe mbali na fungu la ujenzi, lisihamishwe, na mwalimu mkuu akabidhiwe sehemu yake kwa kazi ndogo ndogo, naye atoe hesabu mbele ya kamati ya skuli.

Ndugu zetu wa Tumbatu, Kojani, Fundo na Kisiwa Panza wafikiriwe kipekee. Huko hata kitasa na mfuko wa saruji huvuka bahari kwa chombo, na fundi hungoja hali ya bahari. Inafaa wawe na akiba ya vifaa papo hapo, na vijana wa huko wafundishwe ufundi katika vituo vya mafunzo ya amali.

Wazazi nao, waliokuwa hodari wa kunyanyua kuta, wasidhani kazi yao imekwisha jengo linapoezekwa. Na viongozi, ambao ni haki yao kuweka mawe ya msingi, wajizoeze kuuliza mbele ya kadamnasi: mifereji ya skuli hii ilisafishwa lini? Siku mwalimu mkuu atakapolijibu swali hilo kwa kufungua daftari na kuonyesha tarehe, tutakuwa na hakika kwamba watoto wetu wamekaa chini ya paa salama.