Mgongo unapobana mshipa: maumivu ya kusubiri na ya kukimbilia hospitali

Msimu wa mpunga ukifika Umwe, wilayani Rufiji, mama huinama shambani tangu alfajiri, na jioni anabeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Kiuno kikiuma anakandwa maji ya moto, anameza dawa ya dukani, kesho anarudi shambani.

Mara nyingi hakosei. Lakini yapo maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita takoni na kushuka hadi unyayoni kama shoti ya umeme. Mguu unakufa ganzi, na ukikohoa yanazidi. Hapo huenda mshipa wa fahamu umebanwa.

Kati ya pingili za mgongo kuna visahani laini viitwavyo diski. Diski ikichanika, ute wake mzito husukumwa nje na kugandamiza mshipa. Eksirei haionyeshi hilo vizuri. Kipimo chake ni MRI.

Kinachowatisha wengi ni kisu. “Ukipasuliwa mgongo utapooza,” ndivyo inavyosemwa mitaani, na hofu hiyo imewafungia watu ndani na miguu inayozidi kulegea. Kwa upasuaji wa tundu dogo, daktari huchana ngozi kama sentimita moja, hupitisha bomba jembamba kama kalamu lenye taa na kamera, kisha huondoa kipande kinachobana huku akitazama kwenye skrini. Misuli haiumizwi sana, na wengi husimama siku hiyo hiyo au kesho yake. Hapa nchini, upasuaji wa mgongo kwa matundu madogo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Si muujiza, hata hivyo. Nafuu ya mguu baada ya miezi mingi hailingani na udogo wa tundu: hukaribiana na ya upasuaji wa kawaida. Tena wengi wenye diski iliyotoka hupona bila kupasuliwa, ndani ya wiki 6 hadi 12, kwa dawa, mazoezi na kuacha mizigo mizito. Kulala kitandani siku nzima hakusaidii.

Hali moja haingoji wiki hata moja. Mkojo unagoma au unatoka wenyewe, haja kubwa haizuiliki, ganzi inashika sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu yote miwili inalegea. Wengi hulificha hili kwa aibu. Mama aliyejifungua karibuni hudhani ni mambo ya uzazi, na mume haambiwi kitu. Mishipa ya chini ikibanwa hivyo, saa zinahesabiwa. Ikichelewa, mkojo unaweza usirudi tena kuwa wa kawaida.

Kutoka Umwe hadi Upanga ni zaidi ya kilomita 150 za Barabara ya Kilwa, na rufaa huanzia kituo cha afya. Ukifika dirishani usiseme “mgongo unaniuma” tu, utapewa dawa urudi nyumbani. Sema: “Mkojo hautoki tangu jana, na huku katikati ya mapaja sisikii.”