Fahamu: Jean-Jacques Muyembe, daktari aliyeikabili Ebola tangu Yambuku

Jean-Jacques Muyembe-Tamfum, mtaalamu wa virusi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kisha akapata shahada ya uzamivu nchini Ubelgiji.

Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kwenye hospitali ya misheni ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glavu. Kunusurika kwake kulikuwa bahati tu. Damu ya mtawa mmoja aliyeugua ilipelekwa Antwerp, na baadaye ikathibitika kuwa ilikuwa na kirusi kipya, Ebola. Kwa miaka mingi sifa za ugunduzi huo ziliwaendea zaidi watafiti wa Ulaya na Marekani. Haikuwa haki.

Mchango wake mkubwa zaidi ulianzia mjini Kikwit, wakati wa mlipuko wa Ebola wa mwaka 1995. Wagonjwa 8 waliongezewa damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wanasayansi wengi walitilia shaka, kwani hakukuwa na kundi la kulinganishia. Hata hivyo, kingamwili za manusura mmoja wa Kikwit ndizo zilizozaa dawa ya mAb114, iliyojaribiwa mashariki mwa Kongo na kuidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Mwaka 1998 alikabidhiwa uongozi wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba mjini Kinshasa. Sampuli za Ebola zilizokuwa zikisafirishwa ng'ambo sasa hupimwa humo humo nchini.