Sekunde thelathini kati ya wimbo na wimbo

Wakongwe wa muziki wa ukumbini wana kesi moja wasiyochoka kuifufua: kompyuta imeua udijei. Zamani, wanasema, mtu alisimama mbele ya mashine mbili za santuri, baadaye deki mbili za CD, akavuta kasi ya wimbo unaoingia kwa kidole mpaka mapigo yake yakaenda sambamba na ya wimbo unaotoka. Leo kijana wa Mwanjelwa au wa Kihesa anafungua laptop, anabonyeza kitufe cha kulinganisha mapigo, na programu inammalizia kazi hiyo kabla hajameza funda la soda. Ushahidi wao ni wa kweli. Hukumu ndiyo yenye kasoro. Kulinganisha mapigo ilikuwa kazi ya vidole. Kazi ambayo ukumbi wa Mbeya au Iringa unamdai DJ iko kwenye zile sekunde thelathini ambapo wimbo mmoja unampokea mwenzake, na hapo programu imeongeza maamuzi, haikuyapunguza.

Chukua harusi ya kawaida, iwe Uyole au Ipogolo. Ukumbini wamo wazee wa Moravian au wa KKKT waliotoka kuimba kanisani mchana huohuo, wamo mashangazi wanaosubiri rhumba, wamo wanafunzi wa chuo waliokuja kwa ajili ya amapiano na singeli. Wageni wakiwa wamevuka mpaka wa Tunduma au Kasumulu, ongeza na muziki wa Zambia na wa Malawi. DJ wa klabu ya Ulaya anaweza kukesha ndani ya mapigo 120 hadi 128 kwa dakika. Huyu wetu anapanda na kushuka usiku kucha. Technics SL-1200MK2, mashine ya santuri iliyokuwa kipimo cha fani tangu 1979, iliruhusu kasi kuongezwa au kupunguzwa kwa asilimia 8 tu. Wimbo wa mapigo 100 ungefika 108, basi. Programu imeuondoa uzio huo, lakini kila uzio ukiondoka anabaki mtu wa kuamua aende wapi.

Na mara nyingi kompyuta yenyewe haijui. Rhumba iliyorekodiwa na bendi nzima katika studio za Radio Tanzania, watu wakipiga kwa pamoja bila kipima mwendo, haina kasi moja. Gitaa zikichachamaa kwenye sebene, mwendo unapanda. Programu, iliyozoea ngoma za mashine, huchora gridi ya mapigo kwa kukadiria kasi moja, na wimbo ukifika katikati gridi imeshateleza. Bonyeza kitufe hapo, ngoma mbili zitakanyagana miguu mbele ya wakwe. Kwenye singeli kosa ni la namna nyingine: wimbo wa mapigo 224 unaweza kusomwa kama wa 112. Anayejua hakasiriki, kwa sababu 112 ni mwendo wa amapiano. Pigo moja la huku linabeba mawili ya kule, na vijana wanavushwa bila kushtuka. Kwa rhumba anaachana kabisa na kitufe, anatafuta mahali wimbo unapopumua, anavukia hapo. Kompyuta imetoa namba. Maana ya namba ameitoa yeye.

Halafu kuna krosifeda, kile kitelezi cha katikati ambacho wengi hukiona kama mchezo wa mtoto. Kikiwa katikati, mtu hudhani, kila wimbo unapata nusu, na nusu mbili ni moja. Hesabu ya sauti haiko hivyo. Nusu ya ukubwa wa wimbi ni robo ya nguvu, na robo mbili za nyimbo tofauti zinafanya nusu, kwa hiyo ukumbi unapoteza desibeli 3 palepale ambapo watu walitakiwa kuendelea kucheza. Dawa ni mkunjo mwingine wa kitelezi, yaani namna nyingine ya sauti kupanda na kushuka kinaposogezwa, unaoupa kila wimbo takribani 0.71 ya ukubwa wake katikati ili jumla ya nguvu isishuke. Lakini mkunjo huohuo unageuka ukiutumia kuvusha wimbo kwenda kwenye nakala yake yenyewe, kama DJ anavyofanya akirefusha kiitikio huku msafara wa maharusi bado uko mlangoni: mawimbi yanayofanana hujumlishwa yakiwa mazima, na sauti inaruka desibeli 3 juu. Programu kama Mixxx inaweka mikunjo ya aina tofauti kwenye mipangilio. Haiwezi kujua ni ipi inayofaa harusi ya Mafinga saa nne usiku.

Atakayesema wachezaji hawajui desibeli yuko sahihi. Hawazijui, ila desibeli 3 ni tofauti ambayo sikio lisilosomea chochote linaisikia, na mguu ukishasita, kuurudisha ni kazi. Kwenye besi mambo ni mazito zaidi, tena kwa kejeli kidogo: kadiri kitufe kinavyofaulu, ndivyo ngoma mbili nzito zinavyogonga kwa pamoja. Zikiwa na ukubwa sawa na kuangukiana barabara, kilele kinapanda desibeli 6, yaani amplifaya inadaiwa nguvu mara nne. Amplifaya ya kukodi ikishindwa, inakata vichwa vya mawimbi, na twita ndogo zinaungua. Ndiyo maana mzoefu hubana besi ya wimbo unaoingia, kisha huzibadilisha besi mbili hizo kwa pigo moja.

Kama programu ingekuwa muuaji wa sanaa, Manzese na Tandale zisingetupa singeli. Madijei wa Dar es Salaam walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza kwa kompyuta za bei nafuu mpaka ukatokea muziki mpya, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikautoa kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Kwa mashine ya asilimia 8 safari hiyo isingefika mbali.

Pingamizi lenye uzito ni jingine: Mixxx ina sehemu ya kujiendesha yenyewe, inayovusha nyimbo bila mtu. Kwa saluni ya Miyomboni au baa ya mchana, iachwe ifanye, sioni tatizo. Ukumbini kuna MC. Programu inaweza kushusha muziki kila maikrofoni inapopokea sauti, na itaushusha MC akikohoa, itaushusha akicheka. DJ anayemfahamu MC wake anajua kicheko kipi kinatangulia jina la mama mzazi wa bwana harusi, na anashusha nusu sekunde kabla.

Kuhusu gharama, maneno ni mengi kuliko shilingi. Mixxx, iliyoanza 2001 kwa ajili ya utafiti wa shahada ya uzamivu, ni ya bure na huria, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, kwa hiyo hakuna haja ya kubeba nakala iliyovunjwa ya programu ya kulipia pamoja na virusi vyake. Kinachokosekana kwenye meza nyingi ni tundu la pili la sauti. Laptop yenye tundu moja inapeleka kila kitu kwenye spika, na DJ anausikia wimbo unaoingia wakati mmoja na bibi harusi. Kadi ndogo ya sauti ya USB inatenganisha ukumbi na hedifoni. Na asiye nayo anaweza kuiagiza programu ipeleke muziki wa ukumbi upande wa kushoto na wa kujisikilizia upande wa kulia, kwa waya wa kugawa, akikubali ukumbi usikie mono. Anayeweka akiba kwa ajili ya kontrola yenye taa za rangi zote angeanza na kadi hiyo, kisha jioni kadhaa za kunyoosha gridi za rhumba kwa mkono, wimbo baada ya wimbo.