Gari la Wengi Hupotea Kwanza: Namna ya Kuyatambua Magari ya Zamani Yanayotoweka Barabarani

1. Utangulizi

Yanapotajwa magari adimu, fikra za wengi huenda moja kwa moja kwenye magari ya matajiri. Mfano unaotolewa mara nyingi ni Ferrari 250 GTO, lililotengenezwa Italia kati ya mwaka 1962 na 1964. Yaliundwa magari 36 tu, na mwaka 2018 moja kati yake liliuzwa katika mnada huko Marekani kwa dola milioni 48.4. Hata hivyo, gari la namna hiyo ni chache bila kuwa katika hatari ya kupotea. Historia ya kila moja imeandikwa: nani alilinunua, nani alilirithi, fundi gani alilitengeneza.

Hali ni nyingine kwa gari la mtu wa kawaida. Kati ya mwaka 1973 na 1982 Waingereza walitengeneza gari dogo la familia liitwalo Austin Allegro, na idadi yake ilizidi 640,000. Lilikuwa gari la mwalimu, la karani, la muuza duka. Leo yale yenye kibali cha kutembea barabarani nchini humo hayafiki elfu moja. Hakuna aliyeamuru yaondolewe, na hakuna aliyesikitika yalipokuwa yakiondoka. Yalikuwa mengi mno hata kila mtu akadhani mwenzake atalitunza moja.

Basi uadimu ni wa aina mbili. Upo uadimu wa kuzaliwa nao, nao hulindwa kwa fedha. Upo pia uadimu wa kupotea, nao haulindwi na chochote isipokuwa macho na kumbukumbu za watu. Makala haya yanahusu uadimu huo wa pili. Yanaeleza, kwa mfano wa magari yaliyojaza barabara za Afrika kwa miaka mingi, kwa nini gari la wengi hutoweka, jinsi ya kulitambua pale linapoonekana, na mambo yanayofaa kuandikwa kabla halijaisha.

2. Magari yaliyobeba nusu ya bara

Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ilitoa gari la 404 mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ililazwa upande ili boneti iwe chini. Mwaka 1968 likafuatwa na 504, ambalo mwaka 1969 lilipewa tuzo ya gari la mwaka barani Ulaya. Magari ya 404 yaliyotengenezwa yalizidi milioni 2.5, na ya 504 yalizidi milioni 3. Kutoka Abidjan hadi Kinshasa, na kutoka Kaduna hadi Nairobi, magari hayo yalikuwa teksi, gari la daktari, gari la ofisi ya serikali na gari la harusi.

Sifa yake barani haikutokana na uzuri tu. Katika mbio za Safari za Afrika Mashariki, ambazo ziliogopwa kwa matope na vumbi lake, gari la 404 lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, ilikuwa migumu kupita kiasi: kila mara ni magari 7 tu yaliyofika mwisho wa safari. Gari la 504 nalo lilishinda mwaka 1975 na 1978. Msafiri wa kawaida hakuhitaji ushahidi mwingine. Gari lililomaliza njia ile lingemfikisha yeye pia kwao.

Ulaya iliyaacha mapema kuliko Afrika. Ufaransa iliacha kutengeneza 404 za abiria mwaka 1975 na 504 za abiria mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuyaunganisha kwa miaka mingi baadaye. Huko Nigeria 504 ilifika hadi miaka ya 2000. Kwa hiyo mtu anayekadiria umri wa gari la namna hii kwa kutazama tarehe za Ufaransa peke yake anaweza kukosea kwa miaka ishirini.

3. Sababu za kutoweka

Gari halifi siku linapozeeka. Hufa siku linapokosa kipuri ambacho hakipatikani tena, au fundi ambaye hayupo tena. Hilo ndilo jambo la kwanza la kuelewa. Wakati 504 zilipokuwa nyingi, kila gereji ilikuwa na mlango wa akiba, giaboksi kuukuu, kabureta ya kuazima. Gari moja lililoanguka lilirefusha maisha ya magari mengine matano. Zilipopungua, mnyororo huo ulikatika. Muuza vipuri hakuona tena faida ya kuagiza bidhaa za gari ambalo wateja wake ni wachache, na fundi kijana hakuona sababu ya kujifunza injini asiyoletewa.

Sababu ya pili ilitoka Japani. Nchini humo gari jipya la abiria hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, na tangu hapo kila baada ya miaka 2. Gharama za ukaguzi huo huwafanya wenye magari wayauze yakiwa bado yana nguvu. Katika miaka ya 1990, Kenya na Tanzania zilipolegeza masharti ya biashara ya nje, magari hayo yaliyotumika yaliingia kwa wingi kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Mengine yalivuka Zambia yakaingia Katanga kupitia Kasumbalesa, ingawa usukani wake uko kulia na magari ya Kongo hupita upande wa kulia wa barabara. Kipya kinyemi, ingawa kidonda: gari la Japani lilikuwa rahisi, lilitumia mafuta kidogo, na vipuri vyake vilipatikana kila soko.

Sababu ya tatu ni amri na motisha za serikali. Ufaransa yenyewe, kuanzia mwaka 1994, ililipa faranga 5,000 kwa kila mtu aliyetoa gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 livunjwe na kununua jipya. Maelfu ya magari yaliyokuwa yakitembea vizuri yalikwenda kusagwa. Mahali pengine amri haikuhitajika, kwa kuwa bei ya chuma chakavu ilitosha. Gari lililosimama nyuma ya nyumba kwa miaka kumi lilipimwa kwa kilo, likaondoka kwa mkokoteni.

4. Namna ya kulitambua

Utambuzi huanza kwa umbo, ukiwa mbali. Peugeot 403, iliyotangulia 404, ina mwili wa mviringo. Ya 404 ina mistari iliyonyooka, na nyuma yake huchomoza mapezi mawili mafupi, moja kila upande. Ya 504 haina mapezi. Kifuniko cha buti yake huteremka kisha hukatika ghafla kama paa lililovunjika, na taa za mbele za saluni nyingi hazikuwa za duara bali zilipanuka kwa pembe kama macho yaliyochongwa. Gari la familia la 504 ni refu kuliko saluni, na ndani yake kuna safu tatu za viti. Hilo ndilo lililopendwa na madereva wa safari za mbali.

Hapa inafaa kujihadhari. Pininfarina huyo huyo aliwachorea Waingereza magari yaliyotoka mwaka 1959, yaani Austin Cambridge na Morris Oxford, nayo pia yana mapezi. Katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza magari haya yalikuwa mengi, na kwa mbali humchanganya hata mtu mzoefu. Alama ya simba mbele ya gari humaliza ubishi. Ikiwa imeng'olewa, atazamwe mkono wa gia, ambao katika 404 umefungwa kwenye nguzo ya usukani, kisha isomwe chapa iliyogongwa kwenye injini.

Baada ya umbo hufuata umri. Somo lake jepesi zaidi hutolewa na Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, ambayo ilishinda mbio za kwanza za Safari mwaka 1953. Mwaka 1972 idadi yake ilipita ile ya Ford T iliyokuwa imeongoza duniani kwa miaka mingi, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kwa kuwa umbo lake halikubadilika sana, wengi hudhani yote ni sawa. Lakini kioo cha nyuma husema. Ikiwa kimegawanywa vipande viwili, gari ni la kabla ya katikati ya mwaka 1953. Ikiwa ni kimoja chenye umbo la yai, ni la kati ya 1953 na 1957. Ikiwa ni kipana chenye pembe nne, ni la baada ya hapo. Taa kubwa za mviringo za nyuma huashiria toleo la 1973 au la baadaye.

Hata hivyo, ushahidi wa kitu kimoja hautoshi. Gari lililoishi Afrika miaka hamsini limevaa nguo za wengi: mlango wa mwaka huu, taa za mwaka ule, injini ya gari jingine kabisa. Mtambuzi mwangalifu hutafuta kitu kisichobadilishwa kwa urahisi. Katika Volkswagen hiyo, namba ya fremu imegongwa kwenye mfupa wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Upande wa usukani nao hueleza njia ya gari. Peugeot yenye usukani wa kulia inayoonekana Lubumbashi huenda ilipitia Kenya, Tanzania au Zambia, na yenye usukani wa kushoto huenda ililetwa kutoka Ulaya au kutoka nchi nyingine yenye utaratibu kama wa Kongo.

Mahali pa kutafuta pia pana maana. Gari la zamani huonekana kwa nadra katika barabara kuu. Hukaa nyuma ya gereji, katika ua wa misheni au shule, kwenye mashamba, na katika miji midogo ambako fundi aliyelijua tangu ujana wake bado yu hai. Ukimpata fundi wa namna hiyo, magari yenyewe hayako mbali.

5. Kuandika kilichoonekana

Kuona peke yake hakuzuii upotevu. Huko Uingereza serikali hutangaza idadi ya magari ya kila aina yaliyosajiliwa, na tangu mwaka 2014 hufanyika tamasha la kila mwaka ambalo hushindanisha magari ya kawaida tu, yale ambayo zamani hakuna aliyeyageukia. Pasipo hesabu wala tamasha za aina hiyo, daftari la mtu mmoja linaweza kuwa ndiyo kumbukumbu pekee.

Mambo ya kuandika si mengi: aina ya gari, mji na tarehe lilipoonekana, kama linatembea au limesimama, rangi yake, na mabadiliko yaliyofanywa. Mabadiliko hayo yasidharauliwe. Kiwanda cha Sochaux kina makumbusho yake, na hapo 404 huhifadhiwa kama lilivyotoka mikononi mwa mtengenezaji. Lakini 404 ya kubebea mizigo iliyojengewa mabenchi na paa la bati, ikawa matatu huko Kenya, ilikamilishwa na mafundi wa mitaani ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hilo ndilo umbo lililobeba watu, na ndilo linalokaribia kufutika kabisa.

Mwenye gari aombwe ruhusa kabla ya kupiga picha. Namba ya usajili na mahali hasa gari linapolala visitangazwe, kwa sababu wezi wa vipuri nao hupenda kujua.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili lipo jambo jingine. Maneno huishi na kitu, na mara nyingine hukawia baada yake. Huko Kenya watu walisema wanapanda Pijo kwa maana ya kupanda teksi ya safari ndefu. Neno motokaa, lililokuwa la kawaida katika vitabu vya zamani, limebaki kwa wachache, na mkweche bado ni jina la gari lililochoka. Fundi wa Mombasa husema boneti, wa Lubumbashi husema kapo. Mmoja alilipokea neno lake kutoka Kiingereza, mwenzake kutoka Kifaransa, na wote wawili walifunua injini ile ile. Msamiati huo wa gereji haujaandikwa wote. Wazee waliouunda wanaondoka pamoja na magari yao.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba wingi wa gari haulilindi, bali hulisahaulisha. Gari la tajiri hutunzwa kwa sababu lilikuwa chache tangu mwanzo. Gari la wengi halitunzwi kwa sababu lilikuwa kila mahali. Kulitambua kunahitaji jicho lililozoea maumbo, subira ya kulinganisha ushahidi, na heshima kwa mwenye gari na fundi wake. Kazi hiyo haiwezi kungojea, maana kabureta ya 504 iliyobaki kwenye rafu ya gereji leo inaweza kupimwa kesho kwenye mizani ya muuza chuma chakavu. Na Corolla zinazojaza barabara sasa, ambazo hakuna anayezigeukia, zitahitaji mwandishi wake pia.