Eabegi yenye kasoro kwenye gari la familia: miezi saba ya kusubiri spea

Katika nyumba zetu nyingi, kiti cha mbele cha gari kina mwenyewe. Mkitoka kwenda harusini Barka au kuzuru jamaa Nizwa, hakuna anayeuliza nani akae mbele. Ni bimkubwa. Wajukuu watajipanga nyuma na mikoba yao, mama atakaa ubavuni mwa dereva. Ndiyo heshima yetu. Kwa hiyo habari ya eabegi ya abiria wa mbele, kwetu sisi si habari ya chuma na waya. Ni habari ya mama.

Naandika haya baada ya kusubiri miezi saba gari letu litengenezwe. Ni gari la juu la viti saba, la mwaka 2011, tulilinunua Mabela kwa mtu binafsi. Wiki ile ile ya kununua niliitazama namba yake ya shasi kwenye mtandao, jibu likaja: eabegi ya abiria ina istidaa na haijafanyiwa kazi. Istidaa maana yake kiwanda chenyewe kimetangaza kwamba gari limetoka na kasoro na kinawaita wenye nayo walirudishe litengenezwe bure. Bure kweli, hata senti moja hulipi. Tatizo ni kuipata hiyo bure.

Kasoro yenyewe ni nini?

Eabegi haijazwi upepo kwa pampu. Nyuma ya kitambaa kilichokunjwa kuna kikopo cha chuma chenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, kemikali ile inawaka, inatoa gesi, na mfuko unajaa kabla hujapepesa jicho. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa eabegi duniani, ilitumia kemikali inayoitwa amoniamu naitreti. Hiyo hiyo hutumika kwenye mbolea na kwenye baruti za kupasulia miamba.

Kemikali hii ina adui wake: joto na unyevu, tena kwa miaka. Mchana inapata moto, usiku inapoa, unyevu unaingia, vidonge vinaharibika taratibu. Siku eabegi inapofyatuka, vidonge vilivyoharibika vinawaka kwa kasi kupita kiasi. Badala ya kutoa gesi ya kujaza mfuko, kikopo kinapasuka, na vipande vya chuma vinaruka kuelekea uso na shingo ya aliyekaa mbele. Ajali yenyewe inaweza kuwa ndogo tu, ya kugongana kwenye taa za barabarani, ambayo watu wangeshuka, wakapeana namba za simu, wakaenda zao.

Honda ndiyo iliyoanza kuyaita magari yake kwa kasoro hii, mwaka 2008, na yalikuwa maelfu machache tu. Hesabu ikapanda mpaka ikawa istidaa kubwa kuliko zote katika historia ya magari. Marekani peke yake eabegi kama milioni 67, za makampuni 19 ya magari. Zaidi ya watu 25 wamefariki nchini humo na mamia kujeruhiwa. Takata ilikubali kosa la udanganyifu mahakamani mwaka 2017, ikatozwa dola bilioni moja, na mwezi Juni mwaka huo huo ikafilisika.

"Hayo si mambo ya zamani?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na jibu ni hapana. Kasoro hii inazidi kadiri gari linavyozeeka. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari kama 50,000 Marekani wasiyaendeshe kabisa mpaka yatengenezwe, zikiwemo RAV4 za 2004 na 2005. Mei mwaka huo Nissan ikatoa onyo kama hilo kwa magari kama 84,000, zikiwemo Pathfinder za 2002 mpaka 2004. Juni 2025 Ufaransa, baada ya mwanamke kufariki mjini Reims, wenye Citroën C3 na DS3 waliambiwa wayaegeshe magari yao.

Sasa fikiri juu yetu sisi. Marekani ilipopanga zamu ya matengenezo, majimbo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii yaliwekwa mbele, maana huko ndiko vikopo vinakoharibika haraka. Nani kati yetu asiyejua joto na unyevu wa Muscat mwezi wa Julai? Gari likishinda juani maegeshoni, ndani mwake panakuwa tanuri. Jioni upepo wa bahari unakuja na umande mpaka vioo vinatoa jasho. Fanya hivyo miaka kumi na tatu.

Miezi saba ya "tutakupigia"

Nilikwenda kwa wakala wa gari letu, ambaye sitamtaja. Kijana wa mapokezi alisikia lafudhi yangu nikizungumza kwenye simu, akageuza maneno kuwa Kiswahili, akanambia bibi yake ametoka Unguja. Alikuwa na adabu sana.

"Ami, gari hii si yetu," akasema. "Imetoka Marekani. Orodha tuliyonayo ni ya magari ya Khaliji tu."

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Magari mengi yaliyotumika huku yanaletwa kutoka Marekani na watu binafsi. Barua ya istidaa ilitumwa kwa mwenye gari wa kwanza, labda yuko Texas, na sisi ni wa tatu au wa nne. Barua haivuki bahari. Na wakala wa hapa hulitazama gari kama mtoto wa jirani: anampenda, lakini si wa kwake.

Sikugombana. Niliandika barua pepe kwa ofisi ya kanda ya kiwanda, nikaweka namba ya shasi, picha ya mulkia na picha ya jibu la mtandao. Baada ya wiki tatu wakajibu kwamba kazi itafanywa na wakala yule yule, bila malipo. Nikarudi na karatasi. Yule kijana akaisoma, akafurahi kwa ajili yangu. Kisha akanambia spea haipo. Itaagizwa. "Tutakupigia, ami."

Mwezi wa pili sikupigiwa. Wa tatu nikapiga mimi, nikaambiwa spea iko njiani. Wa tano nikaambiwa imekuja lakini ni ya mfano mwingine. Kila mara nilikuwa nikiandika tarehe, saa na jina la niliyezungumza naye, na kila mara nilimalizia kwa barua pepe fupi: leo tumezungumza hivi na hivi. Mtu akijua maneno yake yameandikwa, huyatazama mara mbili.

Spea inachelewa kwa sababu gani? Mamilioni ya vikopo vilihitajika kwa wakati mmoja, na viwanda vya kuvitengeneza ni vichache. Miaka ya mwanzo hata makampuni mengine yaliweka kikopo kipya cha aina ile ile kwa muda, kisha wakayaita magari tena. Juu ya hayo, gari la zamani lililoletwa kutoka nje mara nyingi huwekwa mwisho wa foleni. Kwa mwenye ghala ni namba tu. Kwako wewe ni safari ya shule kila asubuhi.

Kumwambia mama ahamie nyuma

Kazi ngumu kuliko wakala ilikuwa nyumbani. Nilimweleza mama kwamba mpaka spea ije, hatakaa mbele.

"Yaani mwanangu leo unanipeleka nyuma na watoto?" akaniuliza.

"Mama, lile bomba la mbele lina kasoro. Likifyatuka linaweza kukuumiza."

"Na wewe dereva?"

"La kwangu nimeliangalia, halimo kwenye istidaa."

Akanyamaza. Kwenye harusi mbili hakuja na sisi, alipanda gari la ndugu yangu. Sikumlaumu. Unapomtoa mzee kwenye kiti chake, umemtoa kwenye kitu kikubwa kuliko kiti. Lakini kiti kile tulikiacha kitupu miezi yote saba, na mke wangu naye alikaa nyuma.

Njia za mkato ambazo si njia

Fundi mmoja Wadi Kabir alinambia ataing'oa eabegi kwa riali kumi na kuizima taa yake. Nilikataa. Kile kikopo kina kilipuzi, si kitu cha kufunguliwa kwa bisibisi barazani. Na ukiing'oa, aliyekaa mbele hana kinga hata kwa ajali ya kawaida.

Mwengine akanishauri ninunue eabegi kwenye magari yaliyokatwa. Hiyo ni kubadilisha ugonjwa kwa ugonjwa: gari la umri ule ule, kikopo kile kile, jua lile lile. Na ukiletewa mpya ya bei rahisi ndani ya boksi lisilo na jina, jiulize imetoka wapi. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa onyo kuhusu vikopo vya rahisi vilivyowekwa kwenye magari yaliyokwisha kupata ajali. Vilipasuka na kuua madereva. Huku kwetu ambako magari mengi ya Marekani huja yakiwa yamegongwa na kunyooshwa, onyo hilo linatuhusu moja kwa moja. Ukinunua, uliza eabegi zimewahi kufyatuka? Zilibadilishwa wapi? Karatasi iko wapi?

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: taa ya eabegi kwenye dashibodi haikwambii kitu kuhusu kasoro hii. Taa hupima waya na umeme tu. Vidonge vinaweza kuwa vimeoza na taa imezima, imetulia kabisa.

Ufanye nini leo

Chukua mulkia, au tazama chini ya kioo cha mbele upande wa dereva. Namba ya shasi ina herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezewa soko la Marekani, liangalie kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya huko, nhtsa.gov/recalls. La Khaliji, anzia tovuti ya kiwanda na wakala. Wizara ya Biashara ya Saudi Arabia nayo ina tovuti ya istidaa, recalls.sa, na hapa Oman Mamlaka ya Kulinda Watumiaji hutangaza magari yanayoitwa na hupokea malalamiko. Jamaa walioko Uingereza wanaweza kuingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT.

Jamaa wa Unguja, Dar na Mombasa, magari yao mengi yametoka Japani moja kwa moja na namba zake ni fupi, zina kistari katikati. Tovuti ya Marekani haizitambui. Waziangalie kwenye tovuti ya Kijapani ya kiwanda cha gari.

Usiangalie mara moja ukamaliza. Istidaa huongezwa, na gari lililokuwa safi mwaka jana linaweza kuingia mwaka huu. Na soma maneno vizuri: likiandikwa gari lisiendeshwe, basi lisiendeshwe hata mpaka msikitini. Likiwa la kusubiri spea, kiti chenye kasoro kibaki kitupu.

Letu lilitengenezwa mwezi wa saba. Kazi yenyewe haikufika saa mbili. Walinipa karatasi yenye namba ya shasi, namba ya istidaa na malipo sifuri, nikaiweka pamoja na mulkia, na siku tutakayouza gari itakwenda na gari. Mtu atakayelinunua naye ana mama.