Ushuhuda Hauwekwi Akiba

Aliyeiacha imani waziwazi ni rahisi kumtambua. Aliyepoa ni vigumu, maana hajaacha kitu. Jumapili yupo, kwenye kwaya anaimba, mchango wa jengo ametoa, na akipewa nafasi atasimama kueleza alivyookoka. Shida ni kwamba habari hiyo ndiyo aliyoieleza miaka kumi iliyopita, na tangu hapo hakuna kilichoongezeka. Historia ya kanisa katika eneo letu inao mfano unaoonyesha jinsi hali hii inavyoanza, jinsi inavyotibika, na jinsi inavyorudi. Ni Uamsho wa Afrika Mashariki.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Chini ya miaka kumi baadaye vijana waumini walikuwa wanauawa kwa ajili ya imani hiyo. Kufikia miaka ya 1920 mambo yalikuwa yamegeuka: machifu wengi walikuwa wamebatizwa, shule zilikuwa mikononi mwa misheni, na elimu ya misheni ilikuwa njia ya kupata kazi na cheo. Kuwa Mkristo hakukumgharimu mtu, kulimpa faida. Makanisa yalijaa, na toba ikapungua.

Mwaka 1929, mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, muumini wa Buganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, aliyekuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoikumba nchi hiyo. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Hawa hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wa kanisa waliokiri kwamba wamepungukiwa. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu huko Gahini, aliandaa hoja za kupeleka kwenye sinodi ya Kanisa la Uganda: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini Meza ya Bwana inakaribiwa na watu wanaojulikana kuishi dhambini? Alifariki Januari 1936, lakini maswali yake hayakuzikwa naye. Uamsho ukaenea Uganda, Kenya, Bukoba na Burundi.

Chombo kikuu cha watu wa uamsho, walioitwa walokole, kilikuwa ushirika, kikao cha ndugu cha mara kwa mara. Humo tarehe ya kuokoka haikutosha. Mtu alieleza Bwana amemtendea nini tangu walipoonana mara ya mwisho, na amejikwaa wapi. Dhambi ilitajwa kwa jina lake: nilimfokea mke wangu, nilichukua mali ya kazini, nina kinyongo na ndugu aliyeketi pale. Wenzake waliitikia kwa wimbo wa Kiganda wa “Tukutendereza Yesu”, na kikao kikaendelea. Waliita hali hiyo kutembea nuruni, wakifuata sura ya kwanza ya waraka wa kwanza wa Yohana.

Baada ya kuungama kulikuwa na kulipa, kama Zakayo. Mali ya wizi ilirudishwa, kodi iliyokwepwa ikapelekwa bomani. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia alivyoendesha baiskeli mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi Mzungu aliyemchukia. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akalazimika kuikimbia Uganda. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho kichwa chake kilitangaza kwamba anampenda Amin. Moyo wa kusamehe namna hiyo hauzuki siku ya msiba. Ulikuwa umezoezwa kwa zaidi ya miaka thelathini, katika makosa madogo ya kila wiki.

Hata hivyo tiba nayo huzoeleka. Baadhi ya vikundi vya walokole vilianza kuungama kwa maneno ya kukariri, na mavazi yakawa kipimo cha wokovu, kwa kuwa vazi linaonekana na moyo hauonekani. Baadaye Uganda ilipata Abazukufu, walokole waliodai kuamka upya, wakiwashutumu wenzao kwamba wamelala. Nao wakaweka masharti yao, likiwemo la kukataa mikopo.

Jaribu kali zaidi lilikuja Rwanda mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Katika nchi ya Gahini, ambako wengi walikuwa wamebatizwa, watu waliuawa hadi ndani ya makanisa. Walikuwepo Wakristo waliokataa kuwatenga ndugu zao na wakafa pamoja nao, lakini wengine walishiriki mauaji. Uamsho wa mababu haukuwa kinga kwa wajukuu. Na waumini waliokuwa hodari kuungama uongo na ulevi walikuwa wameacha chuki ya kikabila bila kuigusa.

Hapo pana somo kwa anayetaka kukua. Dhambi tunazoziungama kwa urahisi mara nyingi ni zile ambazo kundi letu limeshakubali kuzitaja. Ukuaji unadai tuguse zile zinazonyamaziwa: shamba la urithi lililodhulumiwa, mshahara wa mfanyakazi wa ndani unaocheleweshwa, dharau kwa watu wa kabila fulani.

Anza na ndugu mmoja au wawili wanaotunza siri, na mkutane kila wiki. Wape ruhusa ya kukuuliza habari za fedha zako, hasira zako na nyumba yako. Kosa uliungame kwanza kwa uliyemkosea, wala usitoe hadharani siri za mtu mwingine kwa jina la ushuhuda. Kinacholipika, kilipe. Soma pia sehemu za Maandiko unazozikwepa, si zile tu zinazokufariji.

Na ukiitwa kutoa ushuhuda, mwaka uliookoka utaje kwa sentensi moja. Muda uliobaki eleza kilichotokea tangu Jumapili iliyopita. Ukikosa la kusema, hilo ndilo ombi lako la wiki inayoanza.