Kurejea kwa Saratani Kali ya Matiti Baada ya Tiba: Hoja ya Ufuatiliaji wa Wagonjwa wa Bujumbura

Mwanamke aliyemaliza tiba ya saratani ya matiti hubaki na swali moja: je, ugonjwa utarudi? Jibu hutegemea hatua ambayo ugonjwa ulikuwa umefikia, na pia aina ya seli zake. Makala hii inatetea hoja kwamba, kwa saratani kali, ufuatiliaji unapaswa kuelekezwa zaidi kwenye miaka mitatu ya mwanzo, na kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo mgonjwa wa Bujumbura hupotea machoni pa waganga kwa urahisi zaidi.

Saratani isiyo na vipokezi vya estrojeni wala vya projesteroni, na isiyo na protini ya HER2 kwa wingi, huitwa hasi-tatu. Dawa za homoni haziidhuru. Seli chache zilizosambaa kabla ya upasuaji huweza kubaki mwilini, na kisu cha mpasuaji, hata kikiwa stadi namna gani, hakizifikii. Hatari ya kurejea hufika kileleni takriban mwaka wa 3, kisha hupungua sana baada ya mwaka wa 5. Ilhali saratani yenye vipokezi vya homoni huweza kurejea hata baada ya miaka 15. Hasi-tatu inaporejea, huelekea sana mapafu na ubongo. Huwapata wanawake wa Kiafrika kwa uwiano mkubwa kuliko wa Ulaya, wengi wao wakiwa bado vijana. Aina yenye HER2 nayo ni kali, lakini ina dawa yake, trastuzumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Bila kupima vipokezi, aina hizi hazitofautishiki.

Kwa miaka mingi Burundi haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi. Aliyepasuliwa Bujumbura alivuka mpaka kwenda Kampala, Dar es Salaam katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, India akiwa na uwezo, na tangu 2019 Kigali. Mashine ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, njia moja ilifungika. Katika safari hizo faili hugawanyika: ripoti ya upasuaji kwa Kifaransa, ya mionzi kwa Kiingereza, na maelezo kwa mgonjwa kwa Kirundi, kama yapo.

Washauri wa sera huvutwa na mashine, na mionzi kweli yahitajika. Ufuatiliaji wenyewe, hata hivyo, si ghali. Miongozo ya kimataifa hupendekeza mahojiano na uchunguzi wa mwili kila miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, pamoja na mamografia kila mwaka. Picha za mwili mzima kwa asiye na dalili hazijathibitika kurefusha maisha. Muuguzi anayeuliza kuhusu kikohozi kisichoisha, maumivu ya kichwa au uvimbe kwenye kovu anatosha kuanzia, ilimradi mgonjwa awe na kadi yenye tarehe za tiba, dozi alizopata na majibu ya vipokezi. Ugonjwa ukirejea, sampuli mpya ya tishu huchukuliwa, kwa kuwa vipokezi huweza kubadilika. Na pasipo majibu ya kwanza, hakuna cha kulinganisha nayo.